Miaka Sitini ya Tera

Mtu akikuambia kwamba wazee wawili wenye akili zao timamu wamenuniana miezi mitatu kwa sababu ya marehemu ambaye hata kaburi lake halijulikani, utamwona mzushi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Karani na Mwalimu walinuniana miezi mitatu na siku tisa, na chanzo chenyewe kilikuwa Tera, baba yake Ibrahimu. Aliyezihesabu hizo siku tisa ni Karani, maana wakati huo hakuwa na kingine cha kuhesabu.

Karani aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa karani, basi. Miaka thelathini na mmoja alikaa dirisha la pili katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, akiwauliza watu maswali yale yale: jina la mtoto, jina la baba, siku, mahali. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Mwaka wa pili wa kustaafu kwake mkewe akafariki, na cheti cha kifo kikajazwa na karani mpya wa lile dirisha lake, tena kwa mwandiko wa ovyo, jambo ambalo mzee hajalisamehe mpaka leo. Mwana wao wa pekee alikuwa ameshahamia nchi ya mbali na familia yake. Nyumba ikabaki na vyumba vitatu na mtu mmoja.

Mwalimu alikaa mtaa wa pili, kwenye nyumba ya geti la kijani. Naye alikuwa amefiwa na mke, naye amestaafu, alikuwa amefundisha hesabu tangu nywele zikiwa nyeusi hadi zilipokwisha. Walijuana kanisani, siku ya mafundisho, mchungaji aliposema kwamba kwa hesabu ya Biblia dunia ina miaka elfu sita hivi. Mikono miwili ikanyanyuka kwa pamoja, mmoja benchi la mbele, mwingine la nyuma, na wote wawili walitaka kujua hiyo "hivi" ni ngapi hasa. Mchungaji, ili somo lake lisonge mbele, akasema, "Wazee wangu, kaeni pamoja mpige hesabu, kisha mtuletee." Maskini wa Mungu, hakujua anafungua mlango gani. Miaka kumi na mmoja ilipita na hesabu haijaletwa.

Kila Jumamosi, saa kumi alasiri, Mwalimu alibisha hodi kwa Karani akiwa na Biblia kwapani na rula mfukoni. Walichukua kalenda za zamani, wakazigeuza nyuma, wakaziunganisha kwa gundi, wakazibandika ukutani chumba cha mbele: ukanda mmoja mrefu, tangu mlangoni hadi dirishani, ukakata kona ukaendelea juu ya kochi. Kila sentimita mbili ilikuwa miaka kumi. Huku mwanzo waliandika Adamu, kule mwisho waliandika msingi wa hekalu la Sulemani, na katikati yake walijaza baba na mwana, baba na mwana, huyu aliishi miaka mingapi akamzaa nani. Kazi hii Karani aliiweza usingizini. Aliwaandika kina Methusela na kina Lameki kama alivyokuwa akiwaandika watu wa dirishani, na mara moja moja alilalamika kwamba mama zao hawakutajwa.

Mpaka gharika walikwenda vizuri: mwaka wa elfu moja mia sita hamsini na sita tangu Adamu, hakuna ubishi. Mpaka kuzaliwa kwa Tera wakafika salama: elfu moja mia nane sabini na nane. Hapo ndipo gari lilipokwama.

Sikiliza, maana ugomvi wote uko hapa, na si mgumu. Maandiko yanasema Tera alipofika miaka sabini aliwazaa Abramu, Nahori na Harani. Yanasema Abramu, ndiye Ibrahimu wetu, aliondoka mji wa Harani kwenda Kanaani akiwa na miaka sabini na mitano. Na yanasema Tera alikufa hukohuko mjini Harani akiwa na miaka mia mbili na mitano. Mwalimu akachukua sabini, akajumlisha sabini na tano, akapata mia moja arobaini na tano. Basi mwana alipoondoka, baba alikuwa hai, na akaishi mingine sitini bila mwanawe. Karani akasema ng'o. Stefano wa Matendo ya Mitume, siku ile anahukumiwa, alisema wazi kwamba Ibrahimu aliondoka baada ya baba yake kufa. Kwa hiyo Tera alimzaa akiwa na miaka mia na thelathini, na hiyo sabini ni ya ndugu mwingine.

"Stefano alikuwa anazungumza na watu wenye hasira ya kumpiga mawe," Mwalimu alisema. "Nani angemdai hesabu saa ile?"

"Roho Mtakatifu hababaiki kwa sababu ya mawe."

"Na Ibrahimu alicheka alipoambiwa atapata mtoto akiwa na miaka mia. Kama yeye mwenyewe alizaliwa na mzee wa mia na thelathini, anacheka nini?"

Hapo Karani alijikuna kichwa wiki nzima. Ukutani walichora mistari miwili ya kuzaliwa kwa Ibrahimu: wa bluu wa Mwalimu, mwaka wa elfu moja mia tisa arobaini na nane, na mwekundu wa Karani, mwaka wa elfu mbili na nane. Kati yake sentimita kumi na mbili, nusu shibiri tu. Lakini kila kilichofuata, Isaka, Yakobo, kwenda Misri, kutoka Misri, kilisogea kwa nusu shibiri hiyo, na chati ikawa na dunia mbili, ya bluu na nyekundu, zikifuatana bila kukutana. Miaka minne walibishania pale. Na tuseme kweli, walikuwa na raha zao. Jumamosi ilikuwa siku pekee ambayo Karani alivaa shati la kupiga pasi.

Sasa ile Jumamosi mbaya. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kochi, chai mkononi, akatania kama kawaida yake kwamba hesabu ya darasa la nne imemshinda mtu mzima mwenye pensheni. Karani akajibu kwa sauti ambayo hakuikusudia:

"Mtu aliyeitwa rafiki wa Mungu hawezi kumtupa baba yake mzee akae peke yake miaka sitini."

"Kumtupa kumetoka wapi? Aliitwa, akaenda. Watoto huondoka, bwana. Mimi niliondoka kwetu nikiwa na miaka ishirini, na mzee wangu akaishi mingine kumi na tisa."

"Na ulirudi mara ngapi?"

"Mara moja. Kumzika."

"Ndiyo maana basi," Karani akasema. "Unamtaka Ibrahimu awe kama wewe ili upate wa kusimama naye."

Ulimi hauna mfupa, wahenga hawakukosea. Mwalimu aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu, akachukua Biblia yake, akachukua kofia. Alisema, "Haya, kwaheri," kwa adabu kabisa, na hiyo adabu ndiyo iliyomuuma Karani kuliko kama angefokewa. Jumamosi iliyofuata saa kumi ikafika, ikapita. Ya pili ikapita. Karani alijiambia, aliyekasirika ndiye aje. Kila mmoja alikaa kwake akila jeuri yake, na jeuri, kama mnavyojua, haishibishi.

Nitawaambia alivyoishi miezi hiyo, ingawa hapana kikubwa cha kusimulia. Asubuhi alifagia chumba kimoja, kwa kuwa viwili vingine havikuwa na wa kuvichafua. Alikwenda dukani kununua mkate mzima na kila mara nusu ilimwozea, lakini aliona haya kuomba nusu mkate, mwenye duka asije akamwonea huruma. Alianza kujibu redio. Mtangazaji akisema habari za mchana, Karani husema nzuri. Jumamosi alichemsha maji ya watu wawili, kisha akasimama jikoni akiyatazama yanavyopoa, akijiita mjinga kwa sauti.

Na Jumapili baada ya chakula cha mchana mwanawe alimpigia simu. Huyu, tusimsingizie, alikuwa mtoto mwema. Tangu mama yake afariki alikuwa amemwomba baba yake ahamie kwake, si mara moja wala mbili. Wamemtengea chumba, dirisha linatazama bustani, wajukuu wanamuulizia babu. Mara zote Karani alikataa, na sababu hazikumwishia: nyumba itavunjwa na wezi, baridi ya huko itamuua, mtu mzima hahamii kwa mkwewe, chati haijaisha. Siku hizi mwana hakuligusa tena jambo hilo. Aliuliza afya, aliuliza paa, akasema hali ya hewa ya kwao, wakaagana. Karani aliridhika kwamba hatimaye ameeleweka.

Lakini mwenye kujiuliza angejiuliza: mzee anayeitwa na mwanawe na kukataa, kwa nini anamkasirikia Ibrahimu? Karani hakujiuliza. Moyoni mwake alikuwa ameachwa, na aliyeachwa hahitaji hesabu.

Jumanne moja mwenye duka alimfungia mkate wake, akasema, "Kumbe rafiki yako anatuhama."

"Rafiki gani?"

"Mwalimu. Binti yake amekuja kumchukua moja kwa moja. Kesho kutwa wanaondoka. Hakukwambia?"

"Aliniambia," Karani alisema, akatoka bila chenji yake.

Usiku huo, na siku yote iliyofuata, alitafuta namna ya kwenda. Kusema nisamehe kulikuwa rahisi kwa watu wengine. Yeye neno hilo lilimkwama kooni kama donge la ugali mkavu. Alihitaji sababu ya kubisha hodi. Na tazama Mungu alivyo, sababu ikaja akiwa amesimama mbele ya chati, akisoma kwa mara ya elfu mstari wa Tera na watoto wake watatu. Alicheka peke yake. Aliuona mstari ule kwa macho ya dirisha la pili.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa kwenye geti la kijani, shati limepigwa pasi. Binti ya Mwalimu, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyojaa magazeti ya kufungia vyombo, alimwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mzee yupo?"

"Yupo ndani, anagoma kuacha vitabu. Labda wewe atakusikiliza, maana mimi ananiambia gari si langu, nisilipangie mzigo."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Ukutani palibaki alama nyeupe za mahali zilipokuwa picha. Mwalimu alikaa juu ya sanduku, amekonda kidogo, miwani puani. Walitazamana.

"Karibu," Mwalimu alisema. "Viti vimeshaondoka. Chukua sanduku."

Karani hakukaa. Aliogopa akikaa atasahau hotuba yake.

"Nimekuja na ushahidi," alisema. "Pale dirishani kwangu, watu hawakuja kuandikisha mtoto siku aliyozaliwa. Walikuja miaka baadaye, mmoja alipohitaji cheti cha shule au cha safari. Baba akifika, anaona afadhali amalize wote kwa safari moja. Namuuliza, watoto gani? Anataja kwanza yule mwenye shida ya cheti. Si mkubwa, ni yule anayehitajika. Kisha ndiyo anakumbuka wengine. Na mimi, foleni imefika barabarani, naandika watatu mstari mmoja, umri wa baba mmoja. Nimeandika hivyo mara mia. Sasa soma tena. Tera, miaka sabini, Abramu, Nahori, Harani. Hiyo ni kuandikisha kwa kuchelewa. Abramu ametajwa mwanzo kwa sababu safari ni yake. Mkubwa ni mwingine."

Mwalimu alivua miwani. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Karani hakujua kama ni kilio mpaka alipoisikia ile sauti ya kicheko aliyoikosa miezi mitatu.

"Kwa hiyo Musa alikuwa karani mwenye foleni."

"Foleni ya watu laki sita waliotoka Misri."

"Na kicheko cha Ibrahimu?"

"Mzee anaruhusiwa kucheka. Hata wewe unacheka."

Mwalimu alijifuta macho. Akatazama kuta zake tupu, akamtazama Karani, akasema kwa upole, "Haya. Umeshinda. Andika mwekundu."

Basi hapo ndipo Karani alipokaa chini kwenye sanduku. Miaka kumi na mmoja mtu huyu hakuwahi kumwachia hata mwezi mmoja, na leo anamwachia miaka sitini kama mtu anayeacha vyombo asivyoweza kubeba. Aliona afadhali angebishiwa.

"Ile siku nilikosea," alisema, na lile neno kumbe lilikuwa jepesi.

"Hesabu hukukosea. Ulikosea mdomo." Mwalimu akatikisa mkono kama anayefukuza inzi. "Na hata mdomo haukukosea sana. Ulinifanya nikae nifikirie. Miezi hii nimekaa na Tera mpaka nimemchoka. Unajua sisi tulichoruka?"

"Nini?"

"Tumebishana mwana aliondoka lini. Hatukuuliza safari ilikuwa ya nani. Soma vizuri: aliyetoka Uru ni Tera mwenyewe. Ndiye aliyewachukua kina Abramu, na alikuwa anakwenda Kanaani. Kanaani hiyohiyo. Amefika Harani, akakaa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikatazwa kuendelea. Mzee aligoma njiani. Awe alikaa miaka sitini au siku sitini, hakuachwa, bwana. Alibaki."

Karani alitazama mikono yake.

"Binti yangu ameniomba mara tatu," Mwalimu aliendelea, "na mara tatu nimempa sababu. Mgongo, nyumba, vitabu. Na Jumamosi, usicheke, Jumamosi ilikuwa sababu kubwa. Ilipoondoka Jumamosi nikaona nimebaki na sababu za uongo tupu. Mara ya nne nikamwambia njoo."

Kwa hiyo ni yeye, Karani alifikiri. Ni ule mdomo wake uliofungasha masanduku haya. Alitaka kulisema, lakini binti aliingia kusema gari limefika, na baada ya hapo ikawa ni kubeba tu. Alibeba vitabu, alibeba taa, akabishana na dereva namna ya kupanga. Mwalimu alimpa mkono kupitia dirisha la gari, akaushika kwa muda mrefu.

"Utaniandikia ukifika kwenye Waamuzi," alisema. "Pale kuna balaa."

"Nitakuandikia."

Gari likaenda. Karani alifunga lile geti la kijani, ingawa ndani hapakuwa na kitu cha kuiba, akarudi kwake kwa miguu.

Ijumaa na Jumamosi hakugusa chati. Alikwenda chumba cha pili akatoa sanduku la nguo juu ya kabati, akalipangusa vumbi, akalirudisha. Kisha akalitoa tena akaliacha kitandani. Alitafuta pasipoti, akaikuta imekwisha muda, akaulizia mtaani inachukua siku ngapi kupata mpya. Aliitazama nyumba yake kwa jicho la mtu anayeiaga, na ajabu, haikumuuma. Ilikuwa nyumba tu, ya mjini Harani.

Jumapili hakula vizuri. Aliweka simu mezani mbele yake, na ilipolia aliinyakua kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Shikamoo, baba. Leo ulikuwa karibu na simu."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa napita."

Afya, nzuri. Paa, halivuji. Huko baridi imeanza. Karani alisubiri mwana aseme lile jambo, lakini mwana alisema habari za kazi, akasema mjukuu mdogo ameng'oka jino, na mazungumzo yakaanza kuelekea kwenye kwaheri kama kawaida. Basi mzee akapiga moyo konde.

"Kile chumba," alisema. "Cha dirisha la bustani. Bado kipo?"

Upande wa pili mlango ulifungwa taratibu, kisha mwana akashusha sauti.

"Baba, kile tulimpa mama mkwe. Mwaka jana, alipoanguka akavunjika mguu. Sikukwambia kwa sababu... wewe ulikuwa umeshakataa, nikaona nikikwambia itakuwa kama nakusuta. Vyumba vingine ni vya watoto. Mbona unauliza? Kuna tatizo?"

"Hapana, hapana. Tatizo la nini." Karani alisimama, akakaa. "Mpeni pole mama mkwe. Ni Mwalimu ndiye aliyeniuliza, tulikuwa tunazungumza habari za vyumba."

"Una hakika, baba? Tunaweza kujibana, tukaona namna."

"Msijibane. Mimi nipo vizuri."

Mwana akapumua, na Karani akasikia nafuu katika pumzi ile, wala hakumlaumu.

"Msalimie Mwalimu," mwana alisema. "Kusema kweli, baba, kinachonipa usingizi huku ni kujua kwamba yupo. Bado mnabishana?"

"Bado," alisema Karani. "Kila Jumamosi."